Silinda ya Nne ya Havella

Hamnevik, 14 Februari 2011

Mjomba Sjur,

Najua simu huisikii tena. Mama anasema ukipigiwa unajibu "asante, nimeshakula" hata ukiulizwa habari za mvua. Basi nakuandikia kwa mkono, namna ile ile uliyonifundisha kuandika kitabu cha injini: herufi zilizosimama, wino mweusi, hakuna kufuta.

Meli yenu Havella iko hapa chelezoni kwa matengenezo na nimekabidhiwa mimi. Mwenye meli anataka injini yake ile ile ya dizeli itumie gesi na dizeli kwa pamoja. Gesi tutaipitisha kwenye njia ya hewa, ibanwe silindani pamoja na hewa, halafu tone la dizeli liingie liwe kiberiti chake. Pistoni hatubadilishi wala injini hatuifungui, na ndiyo maana kazi imekubaliwa upesi. Ni mara yangu ya kwanza kusimamia kazi kubwa peke yangu, na wapo wawili watatu hapa wanaosubiri nijikwae.

Sasa swali. Nimepima mgandamizo wa silinda zote sita. Tano zinasoma sawa. Ya nne inasoma juu ya wenzake, geji nimebadilisha mara mbili na jibu ni lile lile. Kwa dizeli hilo si neno, lakini gesi ikibanwa kupita kiasi hujiwasha yenyewe kabla ya wakati wake, na hapo pistoni hupasuka, na aliye karibu ashukuru akibaki na macho. Kitabu, kwa mwandiko wa Baba, kinasema silinda ya nne ilifunguliwa Desemba 1979 na kurudishiwa pistoni yake ya asili. Tangu hapo hakuna kilichobadilika. Wewe ulikuwa mkuu wa injini na yeye msaidizi wako. Kuna kitu unachokumbuka?

Kijiti chenu cha kusikilizia injini bado kinaning'inia mlangoni pa chumba chake, alama za meno ya Baba ncha hii, zako ncha ile. Mama anasema mliwahi kununiana siku mbili kwa sababu uliuma ncha yake.

Wako,
Gyda Risnes

*

Kalvåg, 18 Februari 2011

Gyda mwanangu,

Siku mbili ni uzushi wa mama yako. Ilikuwa siku moja na nusu, na ncha ile ilikuwa yangu.

Nimeisoma barua yako nikasikia harufu ya chumba kile hapa jikoni kwangu. Unajua kahawa yetu ilikuwa haipoi? Birika lilikaa juu ya kichwa cha silinda ya pili kutoka Trondheim mpaka Bergen. Mikate ya samaki tuliipasha kwenye ya tano. Baba yako Eilif alikuwa akiimba nyimbo za kanisani, na kwa kuwa hatukusikiana kwa kelele, kila mmoja alidhani anaimba vizuri. Nilimjua anaimba kwa kumtazama koo. Miaka ishirini na sita nimekaa na mtu yule kwenye kelele, tukisemezana kwa vidole na nyusi, na sasa nimekaa kwenye ukimya mtupu sina wa kusemezana naye.

Ya nne tulikuwa tukiiita Bibi, kwa sababu ndiyo iliyokuwa ikikohoa kwanza asubuhi. Ukiweka kijiti juu yake na kuuma ncha, ulimsikia yeye kabla ya wengine wote. Hata leo, masikio yakiwa yamekwisha, naamini meno yangu yangemtambua.

Ama kuhusu vipimo vyako, hayo ni masizi. Masizi yakiganda juu ya pistoni hula nafasi, na geji inapanda. Injini ya umri ule inakosaje masizi? Usijisumbue.

Jipikie madonge ya viazi na nyama ya chumvi, umekonda. Mama yako aliniletea picha yako ya Krismasi.

Mjomba wako asiye wa damu,
Sjur Kvalheim

*

Hamnevik, 2 Machi 2011

Mjomba Sjur,

Umeniokoa. Msimamizi wa chelezo alitaka tuifungue ya nne, na kuifungua ni kuvunja ratiba yote. Nikamwekea barua yako mezani. Nikamwambia: Sjur Kvalheim anasema ni masizi, na Eilif Risnes ameandika kwamba pistoni ni ya asili, nami kwa injini hii sihitaji mashahidi wengine. Akakubali. Nimeamuru mafuta ya kusafishia yapitishwe, yaondoe masizi yatakayoondoka.

Tangi la gesi limeshafungwa nyuma ya mnara, refu, jeupe. Gesi yenyewe imo ndani ikiwa maji, baridi kuliko baridi unayoijua wewe. Jaribio ni Jumatano tarehe 16. Tutaanza na dizeli tupu, kisha gesi kidogo kidogo hadi ifike zaidi ya nusu ya kazi. Wenzangu watakuwa kwenye chumba cha vioo. Mimi nitasimama pale pale, upande wa Bibi, na kijiti cha Baba mdomoni, niisikie gesi ikiingia. Naona haya kulisema, lakini nahisi nitakuwa naye.

Baba alikuwa akiniambia kwamba ukikidanganya kitabu cha injini umemdanganya mtu ambaye hajazaliwa bado. Juzi nimewaambia vijana hapa maneno hayo hayo, wakacheka, lakini leo nimemkuta mmoja anaandika vizuri.

Wako,
Gyda

*

Kalvåg, 5 Machi 2011

Shemeji Oddlaug,

Nimefanya jambo baya na sina mwingine wa kumwambia.

Gyda aliniuliza habari za silinda ya nne. Nikamjibu masizi. Kwa nini nilijibu hivyo sijui. Mkono uliandika kabla ya kichwa, kwa mazoea ya miaka thelathini na moja. Sasa wataitia gesi ile injini Jumatano tarehe 16, na yeye atasimama hatua moja kutoka kwenye pistoni ambayo si ya injini ile.

Wewe hulijui hili. Mwaka ule wa 1979, tukizunguka rasi ya Stad na shehena ya unga wa samaki, pistoni ya nne ilipasuka. Tukafika Måløy kwa silinda tano. Ya akiba hatukuwa nayo. Pale bandarini palikuwa na meli dada ya Havella, pacha wake kwa muundo, inavunjwa, na injini yake ilikuwa ya toleo la baadaye, pistoni zake zina kichwa kirefu zaidi. Zinaingia, lakini zinabana hewa kuliko zetu. Sheria ilitaka tumsubiri mkaguzi, na mkaguzi alikuwa ameshakwenda likizo hadi mwaka mpya. Wewe ulikuwa Florø na mimba yako, siku zimefika. Tukaiweka. Nikamwambia Eilif aandike imerudishwa ya asili. Alikaa na kalamu muda mrefu, kisha akaandika. Tangu siku hiyo, silinda ya nne tuliifungua sisi wenyewe tu, mkaguzi tukimshughulisha na kahawa.

Nikisema, nimemvua Eilif nguo mbele ya mwanawe. Alikuwa akimfundisha kwamba kitabu hakidanganywi. Nikinyamaza, unajua. Niambie la kufanya, maana mimi usingizi umenipaa.

Sjur

*

Florø, 8 Machi 2011

Shemeji Sjur,

Barua yako nimeisoma nimesimama, na maziwa yamechemka yakamwagika.

Sijui? Eilif alinieleza siku ile ile. Aliingia hospitali hajavua koti, ananuka dizeli hadi mkunga akafungua dirisha Desemba, akanishika mkono akaniambia, "Oddlaug, nimeandika uongo ili niwahi." Saa mbili baadaye Gyda akalia. Miaka yote hiyo nimewatazama mkinong'onezana kama wezi wa kuku, nikanyamaza kwa sababu hamkumuumiza mtu. Kwa hiyo usinifanye mjane wa kufichwafichwa.

Lakini sasa anaweza kuumia mtu, na mtu huyo ni mwanangu. Unamlinda Eilif na nini? Ameshakufa miaka mitano, jina lake haliwezi kupasuka likamrukia usoni. Mficha maradhi kifo humuumbua, na nyinyi mmeficha ya chuma.

Leo ni Jumanne. Jumamosi asubuhi nikiwa sijasikia kutoka kwa Gyda kwamba umemwandikia, nampigia simu mwenyewe, na sitachagua maneno. Afadhali alisikie kwako. Anakupenda, mzee mjinga wewe.

Oddlaug

Nimekuwekea jibini la kahawia kwenye bahasha kubwa. Kula, usifanye toba kwa njaa.

*

Kalvåg, 10 Machi 2011

Gyda mwanangu,

Barua hii nampa nahodha wa boti ya kasi mkononi, akufikishie leo. Usiwashe injini hadi umeisoma.

Si masizi. Pistoni ya silinda ya nne si ya Havella. Niliitoa kwenye meli dada iliyokuwa inavunjwa Måløy, Desemba 1979. Kichwa chake kirefu, inabana kuliko zile tano. Geji yako inasema kweli, na wewe ulikuwa na haki ya kuuliza. Ukiitia gesi kwa kiasi ulichopanga, ya nne itajiwasha kabla ya wakati na itapasuka.

Baba yako hakujua. Alikuwa amelala nilipoichagua na kuiosha. Nikamwambia ni ile ile, ufa ulikuwa mkwaruzo tu. Akaandika alichoambiwa na mkuu wake. Lawama ni yangu peke yangu, na barua hii mwonyeshe msimamizi wako na mwenye meli na mkaguzi na yeyote atakayetaka.

Nilipokujibu masizi nilijua ninachofanya. Sina la kujitetea. Nimeona haya.

Sjur Kvalheim

*

Hamnevik, 12 Machi 2011

Sjur,

Jaribio limesimamishwa. Barua yako nimemsomea msimamizi mwenyewe, kwa sauti, mbele ya wenzangu, kwa sababu ile ya kwanza nilimwekea mezani kwa mbwembwe. Wale waliokuwa wakinisubiri nijikwae hata hawakucheka, na ningependelea wacheke. Kazi imeahirishwa wiki nne. Mwenye meli ameuliza kama hakuna mtu mwenye umri mkubwa zaidi wa kuisimamia. Jibu bado.

Kuhusu pistoni sina hasira. Watu hufanya mambo baharini. Lakini nilikuuliza. Nilikaa nikaandika kwa mkono nikakuuliza wewe, si mtu mwingine, na ukaniambia nisijisumbue, nikale viazi.

Usiniandikie kwa sasa.

Gyda

*

Kalvåg, 21 Machi 2011

Hii si barua. Umeniambia nisiandike, sijaandika. Ni karatasi ya kufungia mkate mwembamba wa viazi, wa siagi na sukari, uliokuwa ukiupenda ulipokuwa ukija melini na baba yako majira ya joto, unakaa kwenye ngazi ya chumba cha injini na viziba masikio vikubwa kuliko kichwa chako.

S.

*

Hamnevik, 29 Machi 2011

Mjomba Sjur,

Mkate umefika umevunjika vipande na nimeula wote peke yangu.

Jana tumeifungua ya nne. Wamenibakisha. Msimamizi alimwambia mwenye meli kwamba mtu aliyeitilia shaka silinda kabla haijaleta ajali ndiye anayemtaka pale. Kwa hiyo nilikuwa mimi niliyeshika mnyororo pistoni ilipopandishwa. Vijana wakaiosha, wakaitenganisha na mkono wake, wakaipindua. Mmoja akaniita: "Bosi, njoo uone, kuna maandishi ndani."

Mjomba, yamegongwa kwa zile herufi za chuma za Baba, za kugongea namba kwenye vipuri. Naijua ile R yake iliyokatika mguu. Mstari wa kwanza unasema: SI YAKE. KITABU KIMEDANGANYA. 20.12.79. NAKWENDA KWA ODDLAUG. E.R.

Halafu chini yake, kila mara mlipoifungua: 1984, G. MIAKA 4, ANAPIGA MLUZI. 1989, G. 9, AMEVUNJA MKONO. 1994, G. 14, HASEMI NAMI. Huo mwaka naukumbuka, alikuwa amenikataza kwenda Bergen. 2000, G. 20, ANATAKA KUWA FUNDI, MUNGU AMSAIDIE. Na wa mwisho, 2005, mwaka mmoja kabla hajafa: G. 25, AMEPATA CHETI. ANASIKIA VIZURI KULIKO MIMI.

Nimekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa nikalia mbele ya vijana wanne wenye mafuta hadi viwikoni, na hakuna aliyejua pa kutazama. Mmoja aliniletea kahawa. Ilikuwa mbaya.

Watu wengine hupimiwa urefu kwenye mwimo wa mlango. Mimi kumbe nilikuwa nikikua ndani ya Bibi, gizani, nikipanda na kushuka mara mia nne kwa dakika, kutoka Trondheim mpaka Bergen.

Sasa sikia. Umenidanganya mara mbili. Kwanza masizi, halafu kwamba Baba hakujua. Baba ambaye aliweza kutofautisha boliti mbili kwa ulimi, ati apewe pistoni ngeni aseme ni ile ile? Uongo wa kwanza ulikuwa wenu wawili, basi usijibebeshe peke yako. Naye aliuungama pale ambapo angeweza, mahali ambapo fundi wa kweli angefika siku moja. Nilikuwa na hasira naye usiku mzima, kisha asubuhi ikaisha. Alidanganya ili aniwahi. Siwezi kuwa upande wa mkaguzi katika hilo, nimejaribu.

Pistoni mpya, ya kimo sahihi, inafika Aprili 11. Kitabu nitakisahihisha mimi: kosa la 1979, limegunduliwa na kurekebishwa. Nimeacha mstari wa sahihi yako. Jaribio ni Jumanne tarehe 12. Njoo. Tutakupokea gatini, na nitawaambia wakuandikie kila kitu ubaoni kwa herufi kubwa.

Wako,
Gyda

*

Kalvåg, 14 Aprili 2011

Shemeji Oddlaug,

Najua Gyda ameshakueleza kwa simu, lakini yeye hajui yote, kwa hiyo soma peke yako.

Asante kwa kile kisanduku cha herufi za Eilif ulichonitilia mfukoni nilipopita Florø. Nilikuuliza unanipa cha nini, ukajibu kitu nikiwa nimekupa mgongo. Nikaja kuelewa melini.

Nilifika Jumatatu mchana. Chumba cha injini kimepakwa rangi, kuna mabomba ya gesi yenye kuta mbili, vipimo vinavyowaka rangi, sikujua niweke wapi mikono. Lakini birika lilikuwa juu ya kichwa cha silinda ya pili, injini baridi kabisa, limewekwa tu kwa ajili yangu. Nikasema rangi mpya inanichoma macho. Gyda akaniandikia ubaoni: RANGI ILISHAKAUKA MWEZI ULIOPITA.

Tuliweka sahihi kwenye kitabu. Alinionyesha pistoni ile, nikapitisha kidole kwenye herufi moja moja. Miaka ishirini na sita yule mtu alikuwa akinifukuza akiisafisha ndani, ati mikono yangu mizito, nami nikadhani ni madaha. Nimemkumbuka, Oddlaug, nimemkumbuka hadi kifua kimeniuma. Pistoni inakuja kwako. Ni nzito, usiiweke kwenye meza ya dirishani.

Kisha nikamwomba Gyda aniache na pistoni mpya robo saa kabla hawajaifunga. Akanitazama, akawachukua vijana wote wakatoka.

Jumanne wakawasha. Nilisimama upande wa Bibi, kijiti kwenye kichwa cha silinda, ncha yangu kwenye meno. Kwanza dizeli tupu, na nilimsikia. Sikumsikia kwa masikio, ilipita kwenye taya ikapanda fuvuni, silinda zote sita, na nilikuwa sijasikia kitu chochote sawasawa tangu mwaka wa 2008. Ya nne haikohoi tena. Inakwenda na wenzake. Nilihuzunika kidogo, kama umerudi nyumbani ukakuta saa ya ukutani imebadilishwa.

Halafu Gyda akainua kidole, maana yake gesi inaingia. Sauti ikalainika. Ule mgongano mkavu wa dizeli ukapungua, ukapungua, hadi chini kabisa ikabaki kama punje, tone lile dogo linalowasha yote mengine. Gesi ikafika zaidi ya nusu na hakuna silinda iliyogonga. Gyda akanigusa bega, akachukua kijiti mdomoni mwangu, akakigeuza, akauma ncha ya baba yake. Akafumba macho. Anasimama kama Eilif, uzito wote mguu wa kushoto. Ulishaliona hilo?

Sasa la siri. Ndani ya pistoni mpya, kwa herufi za mumeo, nimegonga: HII NI YAKE. KITABU KINASEMA KWELI. G. MIAKA 31, MKUU WA KAZI. S.K. KWA NIABA YA E.R. Mstari wa pili umekwenda mshazari kwa sababu miwani ilikuwa na ukungu. Chini nimeacha nafasi kubwa.

Ataisoma watakapoifungua tena, labda 2016, na mimi huenda nisiwepo. Usimwambie. Wewe siri unaiweza.

Shemeji yako,
Sjur